Injini Inayokula kwa Pua

Mchana wa tarehe 23 Machi 2005, pikapu ya dizeli ilikuwa imeegeshwa ndani ya kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP mjini Texas City, Marekani, injini ikiunguruma taratibu. Kiasi cha mita nane kutoka hapo lilisimama pipa kubwa la kupokea mafuta yanayozidi, na juu yake bomba lililopanda zaidi ya mita 30 kwenda hewani. Mnara mmoja wa kiwanda, uliokuwa ukiwashwa upya baada ya matengenezo, ulikuwa umejazwa kupita kiasi. Ilipofika saa saba na dakika 20, mafuta mepesi yalibubujika kileleni mwa bomba lile, yakamwagika hadi chini na kutanda kama wingu la mvuke.

Wingu lilipoifikia pikapu, injini ilianza kupiga resi bila mguu wa mtu kugusa pedeli. Ilijaribiwa kuzimwa, haikuzimika. Muda mfupi baadaye wingu lote likalipuka. Watu 15 walikufa na 180 wakajeruhiwa. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilihitimisha kwamba, kwa uwezekano mkubwa, kilichowasha moto ule ni pikapu hiyo.

Janga la Texas City lilikuwa na sababu nyingi: vipimo vilivyodanganya, wafanyakazi waliochoka, na ofisi za muda zilizowekwa karibu mno na mitambo. Injini ile ilikuwa pete ya mwisho tu katika mnyororo mrefu. Hata hivyo swali lake linamgusa kila mtu anayeendesha lori, anayemiliki mashine ya kusaga au anayelala jirani na jenereta. Inakuwaje injini ikatae swichi?

Jibu linaanzia kwa Rudolf Diesel mwenyewe. Mwaka 1897, huko Augsburg, Ujerumani, mhandisi huyo alifanyia majaribio injini iliyoweza kugeuza takriban robo ya nishati ya mafuta yake kuwa kazi, kiwango ambacho injini za mvuke za siku zile hazikukikaribia. Injini hiyo haikuhitaji cheche. Hewa huvutwa ndani ya silinda, kisha pistoni huibana mpaka nafasi yake inapungua mara 14 hadi 23, kutegemea aina ya injini, na kwa kubanwa huko joto lake hupita nyuzi 500 za selsiasi. Mafuta yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Miaka mitatu baadaye, kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1900, injini ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na ni wachache tu waliotambua kilichokuwa ndani ya tangi.

Ulaji huo usiochagua ndio sifa yake kubwa, na ndio pia asili ya hatari yake. Injini ya petroli ina plagi: ukikata umeme wa plagi, cheche zinakoma na injini inanyamaza. Ina pia kilango kinachobana hewa kila dereva anapoinua mguu. Dizeli haina plagi za cheche, na nyingi hazina kilango cha kubana hewa. Mdomo wake ni nozo zinazonyunyiza mafuta. Pua yake ni njia ya hewa, nayo iko wazi muda wote. Pedeli huongeza au kupunguza kinachopita mdomoni. Swichi nayo huziba mdomo, basi. Siku kitu chochote kinachoungua kitakapoingia puani pamoja na hewa, kiwe oili, mvuke wa petroli au gesi, injini itakila, na hakuna pedeli wala swichi itakayoikataza.

Hali hiyo inastahili kuitwa kupagawa. Injini inapanda mizunguko yenyewe, inalia kwa sauti inayozidi kupanda, moshi mzito mweupe au wa bluu unafunika karakana, na aliyeshika ufunguo mkononi anabaki kuutazama.

Kwenye magari, chakula hicho cha puani mara nyingi ni oili ya injini yenyewe, na mlango wake mkubwa ni tabo, feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa kwenye silinda. Mhimili wa tabo ndogo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili inayosukumwa na pampu ya injini. Upande mmoja wa mhimili huo kuna moshi wa moto, upande wa pili kuna hewa inayokwenda kwenye silinda, na kinachotenganisha oili na hewa hiyo ni sili ndogo. Dereva akizoea kuzima gari ghafla baada ya kupanda mlima kwa kasi, au oili ikiachwa mpaka iwe tope, beringi za tabo zinalika, mhimili unaanza kucheza na sili inaachia. Oili inapenya, inakusanyika kwenye mabomba ya hewa na kwenye kipoozea hewa, inasubiri. Siku dereva anapokanyaga mafuta kwa nguvu, shehena yote inavutwa kwa mkupuo mmoja.

Kuanzia hapo injini inajilisha. Kadiri inavyokimbia ndivyo tabo inavyozunguka zaidi, na kadiri tabo inavyozunguka ndivyo oili inavyozidi kuingia.

Mlango wa pili ni uchakavu. Ringi za pistoni zikiisha, gesi za mlipuko hupenya chini hadi kwenye karta na kurudi juu kupitia bomba la kupumulia zikiwa zimebeba matone ya oili. Katika injini nyingi bomba hilo limeunganishwa na njia ya hewa. Mlango wa tatu ni mkono wa binadamu: kujaza oili kupita alama ya juu ya kijiti. Watu wengi huogopa oili pungufu na hudhani ya ziada haidhuru, lakini ikizidi hupigwa na kranki, hugeuka povu na kutafuta njia ya kwenda juu. Gari au trekta ikipinduka huku injini ikiwaka, mambo huwa yale yale, kwa kuwa oili inatiririkia isipostahili.

Magari mapya ya dizeli yameongeza mlango wa nne. Ili kuchoma masizi yaliyonaswa kwenye kichujio cha moshi, baadhi yao hunyunyiza dizeli ya nyongeza ndani ya silinda mwishoni mwa mpigo. Gari linalotumika kwa safari fupi fupi za mjini hukatisha kazi hiyo kabla haijakamilika, na sehemu ya dizeli huteremka kwenye kuta za silinda na kuchanganyika na oili. Kiwango kwenye kijiti kinapanda badala ya kushuka. Mwenye gari anayeona oili imeongezeka yenyewe asifurahie. Hiyo ni dalili ya kulipeleka gari kwa fundi siku hiyo hiyo.

Kuna pia kupagawa kunakotoka mdomoni. Pampu ya dizeli ya kizamani ina gavana, na ndani yake vipande vizito vinavyofunguka kadiri mzunguko unavyoongezeka ili kupunguza mafuta. Uchafu, kutu au pampu iliyofungwa vibaya baada ya kufanyiwa ovahoo huweza kukwamisha mtambo huo ukiwa wazi. Injini za mipigo miwili za familia ya 71, ambazo General Motors ilianza kuziunda mwaka 1938 na ambazo ziliendesha boti za kushushia askari katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, zilijulikana sana kwa tatizo hili, kwa sababu nozo zake zote huongozwa na fito zilizounganishwa, na nozo moja ikikwama huweza kuzishika nyingine. Nyingi ya injini hizo zikawekewa bamba la chuma kwenye njia ya hewa. Dereva anavuta waya, bamba linaanguka, pua inaziba, injini inakufa. Mafundi waliozifungua na kuzifunga upya walijizoesha kusimama na ubao mkononi wakati wa kuziwasha mara ya kwanza.

Kutofautisha aina hizi mbili kuna maana kubwa wakati wa hatari. Injini iliyopagawa kwa sababu ya pampu itanyamaza ikikatiwa mafuta. Inayokula oili yake haitajali hata bomba la dizeli likikatwa.

Ikiachwa iendelee, mwisho wake ni mbaya. Nguvu inayovuta pistoni na konrodi haiongezeki sawasawa na mzunguko. Inaongezeka kwa mraba wake. Injini ya lori iliyoundwa kuishia mizunguko 2,200 kwa dakika ikifikishwa 4,400, boliti za konrodi zinabeba mzigo mara nne ya ule uliotarajiwa. Vali zinachelewa kufunga na kugongwa na pistoni. Wakati huo huo oili inayochomwa ndiyo ile ile iliyokuwa ikilainisha beringi, hivyo injini inakaukiwa huku ikikimbia kuliko siku zote za maisha yake. Baada ya sekunde kadhaa, au dakika chache, ama inanoki na kusimama, ama konrodi inakatika na kutoboa ubavu wa injini. Vipande vya chuma vinaruka. Flaiwili ikipasuka, haijulikani itaangukia wapi.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kuwaondoa watu. Moshi na kelele huvuta watazamaji, na siku hizi kila mtazamaji ana simu ya kupiga picha. Asiyekuwa na kazi pale asogee mbali, na anayebaki asisimame ubavuni mwa injini wala kwenye mstari wa flaiwili.

Dereva wa gari la gia za mkono ana nafasi moja nzuri, nayo ni ya sekunde za mwanzo. Akanyage breki kwa nguvu zote, avute breki ya mkono, aweke gia ya juu kabisa kisha aachie klachi. Uzito wa gari utaisonga injini. Akichelewa, klachi itateleza na kuungua badala ya kuishinda. Gari la otomatiki halina njia hiyo, kwa kuwa ndani yake hakuna kiungo kigumu ambacho dereva anaweza kukifunga kwa hiari yake.

Njia inayobaki, na iliyo sahihi kwa karibu kila injini, ni kuziba pua. Ubao mgumu au bamba la chuma likiwekwa kwenye mdomo wa hewa, moto unakosa oksijeni na injini inasimama. Kiganja cha mkono hakifai hata kidogo, kwa sababu mvuto wa hewa una nguvu ya kukijeruhi vibaya. Kitambaa chepesi kitamezwa. Kizimamoto cha kaboni dayoksaidi kikipulizwa ndani ya njia ya hewa hufanya kazi vizuri, kwani gesi hiyo huchukua nafasi ya oksijeni bila kuacha unga wa kuparuza silinda. Maji yasimwagwe. Hayabaniki kama hewa, na pistoni ikikutana nayo kwenye mwendo ule, kitakachovunjika ni chuma.

Tatizo ni kwamba kwenye gari nyingi mdomo wa hewa umefichwa nyuma ya eakilina, mabomba na mifuniko. Fundi anayefungua klipu huku injini ikilia anapoteza muda ambao hana. Kwa hiyo karakana inayowasha injini yenye tabo mbovu au pampu iliyotoka kufungwa ingefaa kuacha bomba la hewa likiwa wazi, na mtu amesimama tayari na ubao unaoenea.

Afrika Mashariki ina vijiji vingi ambavyo dizeli inayojulikana zaidi haiko kwenye gari. Ni ile ya silinda moja inayoendesha mashine ya kusaga, pampu ya umwagiliaji au boti ya kuvulia. Injini hizo, ziwe za asili ya Lister ya Uingereza au zile za Kichina za kulala, ni imara na rahisi kutengeneza. Nyingi zina eakilina yenye bakuli la oili ya kunasa vumbi. Mwenye mashine akijaza bakuli hilo kupita alama, au akiifunga injini mahali palipoinama, oili ya bakuli huvutwa moja kwa moja hadi kwenye silinda. Bahati njema ni kwamba nyingi zina pia mkono mdogo wa kulegeza mbano, ule unaotumika wakati wa kuwasha kwa hendeli. Mkono huo huishika vali isifunge. Hewa ikikosa kubanwa, joto halifiki na moto hauwaki. Kijana anayesaga mahindi anapaswa kuujua mkono huo kama breki ya dharura, siyo kama kitu cha kuwashia tu.

Yote hayo ni hatari ya mtu mmoja na mashine yake. Penye gesi, hesabu inabadilika, kwa kuwa hapo injini nzima kabisa, iliyohudumiwa jana, inaweza kupagawa. Methani huwaka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Dizeli iliyo ndani ya wingu la namna hiyo inavuta chakula kwa kila pumzi, gavana inapunguza mafuta hadi sifuri, na mzunguko bado unapanda. Kisha vali zinashindwa kufunga kwa wakati, na moto wa silinda unapata njia ya kurudi nyuma kupitia bomba la hewa hadi nje, ambako wingu linausubiri. Injini iliyoanza kwa kulila wingu ndiyo inayoliwasha.

Miaka miwili kabla ya Texas City, tarehe 13 Januari 2003, jambo hilo lilitokea huko huko jimboni Texas, katika eneo la Rosharon. Malori mawili ya kunyonya yalikuwa yakimwaga taka za majimaji kutoka visima vya gesi kwenye shimo la wazi, injini zikiwaka. Majimaji yale yalikuwa na mafuta mepesi yaliyogeuka mvuke. Injini za malori zilianza kukimbia zenyewe, kisha moto ukalipuka. Watu watatu walikufa na wanne wakaungua vibaya.

Usiku wa tarehe 20 Aprili 2010 likaja tukio kubwa zaidi. Kwenye mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon, katika Ghuba ya Meksiko, gesi ilipanda kutoka kisima cha Macondo na kutanda juu ya mtambo. Fundi mkuu wa elektroniki wa mtambo huo, Mike Williams, alieleza baadaye alivyosikia injini za jenereta zikipanda mzunguko, taa zikizidi kung'aa kupita kawaida, kisha milipuko. Kati ya watu 126 waliokuwamo, 11 walikufa; mtambo ukazama siku mbili baadaye, na mafuta yakamwagika baharini kwa siku 87. Injini hizo zilihesabiwa na wachunguzi miongoni mwa vitu vinavyoweza kuwa viliwasha moto.

Kinga yake inajulikana. Ni vali inayofungwa kwenye bomba la hewa, yenye uwezo wa kujifunga injini inapovuka mzunguko uliowekwa, au kufungwa na dereva kwa kuvuta kishikio. Kanuni za Marekani za uchimbaji wa baharini zinadai kifaa hicho kwenye injini za dizeli, na zile zisizo na mtu wa kuzisimamia muda wote lazima zijifunge zenyewe. Ulaya ilitoa kiwango cha EN 1834 mwaka 2000 kwa injini zinazofanya kazi penye hewa inayoweza kulipuka. Magari mengi mapya yana kilango cha hewa kinachojifunga gari linapozimwa, ili injini isitikisike. Kinasaidia, ila hakikuundwa kwa kazi hii na hakizibi kikamilifu.

Pengo kubwa liko kwenye magari ya kawaida yanayoingia mahali pa hatari. Pikapu ya Texas City na malori ya Rosharon hayakuwa mitambo ya kuchimbia mafuta. Yalikuwa vyombo vya usafiri vilivyosahauliwa kwamba navyo vinapumua. Gari la zimamoto linalokimbilia uvujaji wa gesi ni dizeli pia.

Suala hili sasa liko mlangoni mwa Afrika Mashariki. Gesi ya Songo Songo inafika Dar es Salaam tangu 2004. Njia ya bomba la mafuta ghafi yenye urefu wa kilomita 1,443 inatoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Malori ya gesi ya kupikia na ya petroli yanatoka kila siku kwenye bohari za Mombasa na Dar es Salaam, na mivuke ya shehena hizo ni mizito kuliko hewa: hutambaa chini, kwenye mitaro na chini ya magari. Moto wa Msamvu, Morogoro, wa tarehe 10 Agosti 2019, uliochukua maisha ya zaidi ya watu 100 baada ya lori la petroli kupinduka, hauhesabiwi miongoni mwa visa vya injini kupagawa. Ulionyesha hata hivyo kile ambacho petroli iliyomwagika inaweza kukifanya kandokando ya barabara kuu, na kwenye barabara hiyo karibu kila lori linalofika na kusimama na injini ikiwaka ni la dizeli.

Mamlaka za nishati za Tanzania, Kenya na Uganda, pamoja na kampuni zinazomiliki visima, bohari na mabomba, zina wajibu wa kuhakikisha kwamba hakuna gari la dizeli linalovuka geti la eneo la gesi bila vali ya kuziba hewa, liwe la mkandarasi, la mgeni au la zimamoto. Bei ya vali hiyo ni ndogo mno mbele ya gharama ya mlipuko mmoja. Madereva wa malori ya mafuta wafundishwe kwamba injini inayopanda mzunguko yenyewe karibu na shehena iliyomwagika ni ishara ya kukimbia, siyo ya kurudi kutafuta ufunguo. Na wakimbie kuelekea upepo unakotoka au kuukata kwa upande.

Fundi wa mtaani na mwenye mashine ya kusaga hawana haja ya kusubiri kanuni. Kipande cha ubao kilichokatwa kwa kipimo cha mdomo wa hewa kitundikwe ukutani karibu na injini, na kila anayeiendesha aonyeshwe leo mahali kinapoziba.